Kabla ya Kopo la Rangi

Njia za kutoka Ipyana, wilayani Kyela, kwenda ziwani, ile ya Itungi na ile ya Matema, huishia kwenye mchanga wenye vyombo vya aina mbili. Ipo mitumbwi ya gogo moja, iliyochongwa kwa shoka na tezo, ambayo jua na mvua vimeifanya ya kijivu na haijawahi kuguswa na brashi. Zipo pia boti za mbao zilizoungwa kwa misumari, zenye mkuku na mataruma, ubavuni zimepakwa bluu au nyeupe au kijani, na jina la chombo limeandikwa kwa herufi kubwa karibu na omo. Mazoea hutufanya tuvipange vyombo hivi kwa ngazi: mtumbwi ni wa zamani, boti ni ya sasa, mtumbwi ni wa asiyenacho, boti ni ya aliyepata, na rangi ni alama ya kuendelea. Naona mpangilio huo una kasoro kubwa. Anayefuatilia habari za rangi kwenye vyombo vya kaskazini mwa Ziwa Nyasa atakuta kwamba rangi ilikuja kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mti wenyewe, na kwamba ilizidi kuhitajika kadiri miti ile ilivyozidi kuadimika. Kwa hiyo historia ya kopo la rangi katika uwanda huu ni sehemu ya historia ya msitu kabla ya kuwa sehemu ya historia ya ufundi.

Tuanze na gogo. Miti iliyopendwa kwa mitumbwi kuzunguka ziwa hili ni ile yenye shina nene na kiini kigumu, kama mvule, mkangazi na mninga. Kiini cha mvule kina kemikali ya asili iitwayo klorofolini, ambayo kuvu haiipendi na mchwa hawaipendi, na ndani ya mbao hiyo hiyo hupatikana vipande vigumu vya chokaa vinavyokata makali ya msumeno. Fundi anayechonga mtumbwi huitupa karibu mbao yote nyeupe ya pembeni, ile iliyokuwa ikipitisha maji ya mti ungali hai na ambayo huoza upesi, halafu hubaki na kiini peke yake. Umbo la mtumbwi wa Nyasa nalo linasaidia. Mdomo wake ni mwembamba kuliko tumbo, kuta zimejipinda kuelekea ndani, kiasi kwamba mvuvi hukaa juu na kuteremsha miguu kwenye ufa mrefu. Umbo hilo huzuia mawimbi yasimwagike ndani, hupunguza mvua inayoingia, na huliacha jua lichome sehemu ndogo tu ya ndani. Chombo hakina kiungo hata kimoja, hakina msumari, hakina mahali ambapo ubao mmoja umekutana na mwingine na kuacha mwanya.

Adui wa chombo cha namna hiyo ni ufa, kwa sababu kuoza kunakichukua muda mrefu. Maji husafiri ndani ya mti kwa kufuata nyuzi zake kwa kasi inayozidi mara kumi ile ya kukatisha nyuzi, ndiyo maana omo na tezi ya mtumbwi, mahali nyuzi zilipokatwa, hukauka kabla ya tumbo na kuanza kupasuka. Kutunza mtumbwi kulikuwa hasa kuuzuia usikauke kwa haraka: kuuweka kivulini, kuufunika, kuuacha majini siku ambazo hautumiki. Ufa ukitokea, huzibwa. Siku hizi huzibwa kwa kipande cha bati na misumari midogo, na bati hilo mara nyingi ndilo kitu pekee cha dukani kilichomo katika chombo kizima. Matunzo hayo hayaonekani kama kazi, na huenda ndiyo sababu wasafiri wa kigeni walioandika habari za mitumbwi hii walizungumzia zaidi inavyochongwa kuliko inavyotunzwa.

Mtu wa pwani atasema kwamba hata kule Lamu, Pemba na Unguja kuna mbao nzuri, lakini majahazi yamepakwa vitu tangu zama za mababu. Ni kweli, na tofauti hiyo inaeleza mengi. Jahazi la pwani lilipakwa deheni chini, mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya mnyama, na ubavuni likapakwa sifa, mafuta ya samaki yenye harufu ambayo hakuna aliyewahi kusafiri na jahazi akaisahau. Viungo vilitiwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta. Mitumbwi na ngalawa za pwani zilipandishwa mchangani na kuchomwa tumboni kwa moto wa makuti. Shughuli yote hiyo ilielekezwa kwa adui mmoja, mdudu wa baharini anayetoboa mbao na kuzila kwa ndani hadi chombo kikabaki ganda. Mdudu huyo anahitaji chumvi, na Nyasa ni ziwa la maji baridi. Chaza na viumbe vingine vya baharini vinavyojibandika tumboni mwa chombo na kukipunguzia mwendo navyo havipo huku. Kwa hiyo mvuvi wa Nyasa hakuwa na sababu ya kuiga deheni hata kama angeijua, kwani ilikuwa dawa ya ugonjwa ambao chombo chake hakikuwa nao.

Hapa linakuja pingamizi zito zaidi. Labda watu wa kaskazini mwa Nyasa hawakupaka mitumbwi kwa sababu hawakuwa na cha kupaka, na tusiwape hekima ambayo kumbe ni ukosefu tu. Jibu liko Matema, umbali mfupi tu kutoka Ipyana, kwenye soko la vyungu la Lyulilo. Wakisi wa ukanda wa Ikombe hadi Lupingu, chini ya milima ya Livingstone, ni wafinyanzi mashuhuri wa ziwa hili. Wanawake wao hufinyanga chungu, hukisugua kwa kokoto mpaka king'ae, hukipaka udongo mwekundu na kukichora kwa udongo mweupe, kisha hukichoma. Ni watu wanaojua kabisa maana ya kumalizia uso wa kitu: wanajua rangi ya ardhi, wanajua kusawazisha, wanajua kung'arisha, na wanajua kwamba chungu kilichosuguliwa vizuri huvuja kidogo kuliko kisichosuguliwa. Vyungu hivyo vimesafirishwa kwa vizazi vingi ndani ya mitumbwi mitupu, isiyo na hata mstari mmoja wa udongo ule ule mwekundu. Rangi ilikuwa imejaa ndani ya chombo, katika mzigo, wala haikupanda ubavuni mwa chombo. Walipaka kilichohitaji kupakwa.

Twende Ziwa Viktoria kupata mfano wa upande wa pili. Mitumbwi mikubwa ya Waganda, ile iliyoundwa na kutumiwa na watu wa visiwa vya Ssese, haikuwa ya gogo. Ilikuwa ya mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea juu ya mkuku mmoja mrefu, na Stanley alipoziona meli za vita za Kabaka Mutesa mwaka 1875, mtumbwi mmoja aliopima ulikuwa na urefu wa futi 72. Mitumbwi hiyo ilipakwa udongo mwekundu. Maji yalikuwa baridi kama ya Nyasa, wala hapakuwa na mdudu wa chumvi, tena hakuna Mzungu aliyekuja kufundisha. Lakini kwa kuwa chombo kilikuwa na mishono, kilipata na mpako. Nakubali kwamba udongo ule ulikuwa pia pambo na alama ya ukuu wa Kabaka. Hata hivyo mifano hii miwili ikiwekwa pamoja inaonyesha kwamba mpako ulifuata namna chombo kilivyoundwa, na chombo chenye viungo ndicho kilichopakwa.

Maelezo yaliyozoeleka zaidi ni kwamba rangi ililetwa na meli za Wazungu na wenyeji wakaiga. Meli kweli zilikuja, tena mapema. Ilala, meli ndogo ya chuma ya Misheni ya Livingstonia ya Waskochi, ilianza kuelea ziwani Oktoba 1875 baada ya kubebwa vipande vipande kuyapita maporomoko ya Mto Shire. Wajerumani walileta Hermann von Wissmann kwa njia hiyo hiyo, wakaiunganisha Mpimbi, kando ya mto huo, na kuianzisha kazi mwaka 1893. Chauncy Maples ya wamisionari wa Kianglikana ilisafirishwa kutoka Glasgow ikiwa vipande zaidi ya 3,000 na kuelea mwaka 1901. Vyombo hivi vyote vilikuwa vya chuma, na chuma kisichopakwa huliwa na kutu, hasa kwenye mstari ambapo maji na hewa hukutana. Rangi yao ya kwanza ilikuwa ya risasi nyekundu iliyosagwa kwenye mafuta ya kitani, ambayo hushika kwenye chuma na kuzuia kutu. Nyeupe ya juu ilikuja baadaye, kwa ajili ya jua na fahari. Meli ya namna hiyo haina budi kupandishwa nchi kavu kila baada ya muda ili tumbo lake likwanguliwe na kupakwa upya. Jambo hilo liliigharimu Wissmann mwaka 1914. Mwezi Agosti, meli ya Waingereza Gwendolen chini ya Kamanda Rhoades ilipofika Sphinxhafen, ambayo ndiyo Liuli ya leo, ilimkuta adui wake amepandishwa juu ya reli za matengenezo, hawezi kusogea, na nahodha wake Mjerumani hajapata hata habari kwamba Vita ya Kwanza ya Dunia imeanza. Mapigano hayo yalimalizika kwa sababu meli moja ilikuwa kwenye zamu ya ukarabati.

Kama rangi ingeenea kwa kuigwa, tungetarajia mitumbwi ya gogo iwe ya kwanza kupakwa, maana ndiyo iliyokuwa mingi na ndiyo iliyopita kando ya meli hizo kila siku, ikiuza samaki, ndizi na kuni. Haikupakwa. Miaka zaidi ya 100 tangu Ilala, mtumbwi wa gogo bado haupakwi, ilhali rangi ya mafuta inauzwa katika kila duka la vifaa vya ujenzi mjini Kyela na mwenye mtumbwi huyo huyo huenda amepaka mlango wa nyumba yake. Bei peke yake haielezi hilo. Mtu anayenunua kopo kwa ajili ya mlango, na kopo likabaki nusu, angeweza kulimalizia kwenye mtumbwi. Hamalizii, kwa sababu ameona kwamba mtumbwi haupati faida.

Kilichobadilisha mambo ni ubao, na ubao ulikuja kwa msumeno. Wamoravia na Wamisionari wa Berlin waliingia Unyakyusa, nchi ya kaskazini mwa ziwa, mwaka 1891 kwa njia ya Zambezi, Shire na ziwa. Wamoravia wakaanza Rungwe mwaka huo, na mwaka 1894 wakafungua kituo cha Ipyana katika uwanda wa chini. Vituo hivi vilihitaji makanisa, madawati, milango na mapaa, na useremala ukawa sehemu ya mafunzo yao. Kupasua gogo kuwa mbao kulitoa kitu ambacho tezo haikuweza kutoa: mbao nyingi kutoka mti mmoja, na mbao ndefu kutoka mti mwembamba. Ninaposema ubao ulibadilisha mambo simaanishi kwamba boti zilianza kuundwa siku ile ile. Namaanisha kwamba kuanzia hapo ukubwa wa chombo haukutegemea tena unene wa shina. Mtumbwi wa gogo hauwezi kuwa mpana kuliko mti wake, lakini boti ya mbao inaweza kutoka katika miti mitano midogo. Ule uchaguzi wa mti, ambao kwa mchonga mtumbwi ulikuwa nusu ya kazi yote, ukawa jambo linaloweza kupuuzwa.

Na ulipopuuzwa, matokeo yake yalionekana kwenye mbao. Mti mnene una kiini kikubwa na mbao nyeupe kidogo pembeni. Mti mchanga ni kinyume chake. Ukipasua mti mchanga, karibu kila ubao unatoka na ukingo wa mbao nyeupe, na ukingo huo ndio unaowekwa kwenye kiungo, mahali penye unyevu kuliko pote. Kila ubao una ncha mbili za nyuzi zilizokatwa, hivyo boti yenye mbao 20 ina ncha 40 zinazonyonya maji, wakati mtumbwi una mbili. Kila msumari ni tundu, na chuma cha msumari kikishika kutu huozesha mbao inayouzunguka. Sasa chombo kina sababu ya kupakwa. Kalafati huziba mwanya, puti husawazisha, praima huingia kwenye vinyweleo vya mbao, na rangi ya juu huizuia mvua na jua. Hakuna hata kimoja kati ya vitu hivi ambacho mchonga mtumbwi angekitafuta.

Anaweza kutokea wa kusema kwamba boti za mbao zilienea kwa sababu nyingine kabisa: nyavu kubwa, uvuvi wa usipa (dagaa wa ziwa hili) wa usiku kwa taa, injini za nyuma, mizigo ya mpunga na watu. Hilo nalikubali bila ubishi. Injini haifungiki kwenye mtumbwi wenye mdomo wa upana wa paja. Lakini sababu hiyo inaeleza ubao, haielezi rangi. Majahazi ya pwani yalikuwa ya mbao pia, tena makubwa kuliko boti yoyote ya usipa, na sehemu yake ya juu ya maji ilikaa miaka mingi kwa kupakwa mafuta ya sifa tu, kwa sababu mbao zake zilichaguliwa: mvule, msaji, miti yenye uwezo wa kujilinda. Boti ya Nyasa iliyoundwa kwa kiini cha mvule mtupu ingeweza kuishi kwa mafuta na kalafati. Ile iliyoundwa kwa mbao za sokoni haiwezi.

Na mbao za sokoni ni zipi? Uwanda wa Kyela umekuwa mashamba. Mpunga, kakao, michikichi na mikorosho vimechukua ardhi iliyokuwa na miti mikubwa, na watu ni wengi. Monica Wilson, aliyefanya utafiti kwa Wanyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliandika juu ya misitu ya matambiko kama Lubaga, ambako miti haikukatwa kwa sababu ilikuwa ya mashujaa wa kale. Mahali pengine hapakuwa na ulinzi huo. Leo kukata mvule au mninga kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na hata mwenye kibali hapati kwa urahisi shina la kutosha mtumbwi. Kinachopatikana kwa wingi ni msindano na mlingoti wa Nyanda za Juu Kusini. Shamba la serikali la Sao Hill huko Mufindi, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939 na kupanuliwa sana kuanzia miaka ya 1960, limeijaza nchi mbao za msindano zenye asili ya Meksiko. Ni mbao nyepesi, zinanyooka vizuri, zinapigika misumari kwa urahisi. Zikikaa kwenye unyevu bila dawa, zinaoza katika muda mfupi.

Inafaa kukumbuka kwamba ufundi wa lami na rangi ya boti ulikulia Ulaya ya kaskazini, katika nchi za misonobari. Watu wa Skandinavia walipaka vyombo vyao lami iliyochemshwa kutoka kwenye mizizi na visiki vya misonobari ile ile, na katika karne za 17 na 18 Sweden na Finland ziliuza lami hiyo kwa majeshi ya majini ya Ulaya nzima. Walihitaji lami kwa sababu miti yao haikuwa na dawa ya kutosha ndani yake. Msindano, ambao ni jamii moja na misonobari hiyo, ulipohamishiwa Mufindi, udhaifu wake uliletwa pamoja nao, na dawa ikabidi inunuliwe. Mvuvi wa Kyela anayepaka boti yake leo anafanya kazi ile ile ya mvuvi wa Norway wa miaka 800 iliyopita, kwa sababu ile ile, isipokuwa yule wa Norway alichemsha lami yake mwenyewe nyuma ya nyumba.

Tofauti nyingine ni hali ya hewa, na hapa kazi ya rangi inakuwa ngumu kuliko maandishi ya kwenye kopo yanavyodhani. Kyela hupata mvua ya milimita 2,000 hadi 3,000 kwa mwaka, miongoni mwa kiasi kikubwa kabisa Tanzania, tena katika joto la uwanda ulio chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kuvu inayoozesha mbao haiishi kwenye mbao yenye unyevu chini ya asilimia 20, na haiishi pia kwenye mbao iliyozama kabisa majini, kwa kukosa hewa. Inastawi katikati: kwenye mstari wa maji, chini ya sakafu, kwenye pembe za mataruma ambako maji ya mvua hutuama. Baharini chumvi hukawiza uozo huo. Ziwani mvua inaingia kwenye boti kama maji safi, na maji safi ndiyo kuvu inayoyataka. Fundi makini husubiri miezi ya ukavu, Julai hadi Oktoba, akaipandisha boti, akaigeuza, akakwangua rangi iliyoachia hadi mbao ionekane, kisha akaiacha. Kuiacha ndiko kugumu, kwa sababu kila siku boti ikiwa juu ni siku bila samaki. Lakini rangi ikipakwa juu ya mbao yenye maji, maji hayo hayana pa kutokea. Jua likiwaka hutafuta njia na kuinua rangi kwa mapele, na pale ambapo hayakuinua hubaki ndani yakilisha kuvu. Rangi iliyopakwa mapema ni mbaya kuliko kutopaka.

Kuna mambo madogo ambayo mafundi wazuri huyazingatia na wabaya hawayajali. Kazi huanza umande ukishakauka na huisha mapema alasiri, kwa kuwa umande wa jioni ukiangukia rangi ya mafuta ambayo haijashika huifanya ipauke na kupoteza mng'ao. Tabaka mbili nyembamba hukauka sawasawa. Tabaka moja nene, chini ya jua la uwandani, hukauka juu na kubaki laini chini, kisha hujikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Ubavu uliopakwa rangi nyeusi au bluu iliyokolea hupata moto mwingi, mbao zikasinyaa na viungo vikafunguka, kwa hiyo nyeupe ina faida kuliko uzuri tu. Ncha za mbao ndizo zinazotaka praima ya kwanza, ya pili na ya tatu.

Lakini boti nyingi za ziwani hupakwa vizuri nje na kuachwa tupu ndani. Nje ndiko kunakoonekana, ndiko kunakoandikwa jina, na ndiko kunakoandikwa namba ya usajili ambayo mamlaka za uvuvi huitaka. Uozo unaanzia ndani. Boti inaweza kung'aa ubavuni huku mataruma yake yanakatika kwa kubonyezwa na kidole gumba. Siwalaumu wamiliki peke yao kwa hilo. Rangi ilipoingia katika maisha ya ziwa iliingia ikiwa na kazi mbili, kulinda na kuonyesha, na ya kuonyesha ndiyo inayolipwa papo hapo: abiria huchagua boti inayong'aa na mkopeshaji huikadiria thamani yake kwa macho. Ya kulinda hulipwa baada ya miaka mitano, mara nyingi kwa mtu mwingine aliyeuziwa.

Gharama nayo imebadilika namna yake. Mchonga mtumbwi alilipa mara moja, kwa jasho na muda, alipokuwa msituni. Mwenye boti hulipa kila mwaka, kwa fedha taslimu, dukani: rangi, puti, pamba, msasa, thina, na siku za boti kukaa juu. Wakati wa msimu mbaya wa usipa, fungu la kwanza kuahirishwa ni hilo, na likiahirishwa miaka miwili boti haiponi tena kwa rangi, inataka mbao mpya, ambazo zitakuwa nyeupe na changa kuliko za kwanza. Tusisahau pia vumbi. Rangi za zamani za mafuta zilitiwa risasi, na Umoja wa Mataifa unapendekeza kiwango kisizidi sehemu 90 kwa milioni. Boti iliyopakwa tabaka juu ya tabaka kwa miongo inakwanguliwa ufukweni, mahali watoto wanapocheza na samaki wanapoanikwa.

Kama hoja yangu ni sahihi, kuboresha rangi peke yake ni kutibu upande mmoja. Kazi iliyopotea ilikuwa ndani ya mbao, na kuna njia za kuirudisha humo. Mafinga kuna viwanda vinavyosukuma dawa kwa shinikizo ndani ya nguzo za umeme za msindano na mlingoti, ili zikae ardhini miaka mingi bila kuoza. Mbao za boti zingeweza kupitia mtambo wa namna hiyo hiyo, mradi dawa yenyewe iwe inayofaa chombo kinachobeba samaki na watu. Kerala, kusini mwa India, wavuvi wamekuwa wakipaka vyombo vyao kimiminika cha maganda ya korosho, kikali na cheusi, kinachoingia ndani ya mbao badala ya kukaa juu yake kama utando. Kyela mikorosho ipo. Mawese nayo yapo tele, lakini hayafai kazi hii: ni mafuta yasiyokauka, huacha mbao ikinata na kukusanya vumbi. Maganda ya korosho hutupwa au kuchomwa, na kimiminika chake kinaunguza ngozi, kwa hiyo anayekijaribu avae glavu, aanze na ubao mmoja wa ndani ya boti chini ya sakafu, auache upitie mvua na jua kwa msimu mzima, halafu aulinganishe na ubao wa pembeni yake uliopakwa rangi ya dukani.